Mwenye Mbaazi Ngumu

Timbwani, Likoni
14 Januari 2025

Kwa wifi yangu Nadira,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, mama naye mzima, ni magoti tu yanamsumbua. Barua yako nimeipata. Simu imenisomea kwa ile sauti yake ya mzungu aliyebanwa pua, na "shikamoo" uliyomletea mama ilivyotamkwa nilicheka peke yangu pale zahanati ninakopokea simu, mgonjwa aliyekuwa kwenye laini akiniulizia daktari akadhani namcheka yeye. Nasikia sasa wakaa Kisauni na kila asubuhi waenda Nyali kwenye ofisi ya baridi. Hongera. Lakini wajua kujificha, wewe! Mwezi mzima hata salamu, kisha barua ya kwanza ni ya kuomba kazi ya bure.

Haya, nakujibu. Umetaka nieleze, kama namwambia mgeni asiyejua lolote, jinsi nilivyoingia Visiwa Tisa. Mie sioni tangu nikiwa na miaka sita. Michezo ya simu ya watu wengine ni picha tupu, na picha hainisaidii kitu. Kakangu Najib, Mwenyezi Mungu amrehemu, ndiye aliyeniletea mchezo usio na picha hata moja. Ni maneno tu. Unaandika "kaskazini", mchezo unakujibu: "Uko kwenye uchochoro wa wauza samaki. Kushoto kuna ngazi ya kushuka." Unaandika "shuka", umeshuka. Simu inanisomea, mie natembea. Huko ndani mie na mwenye macho tuko sawa, tena wenye macho wakipotea ni mie ninayewatoa. Najib alinishika mkono wiki ya kwanza, akaniambia nishike kona, nisihesabu hatua. Basi. Sina siri nyingine, waambie wageni wenu.

Sasa hiyo Dira mnayoitengeneza. Nilivyoelewa, mgeni hatazunguka tena. Ataandika "nipeleke sokoni" na programu itamtembeza yenyewe huku ikimchorea ramani. Na kwa kuwa bado haijui njia, wataka inifuate nyuma nikitembea ijifunze kwangu. Nakubali kwa moyo mmoja. Wageni wanataabika, wajua. Wengi huingia vichochoro vya bandarini wakazunguka wee, mpaka wakachoka, wakatoka wasirudi tena.

Lakini nyumbani isije. Sharti langu ni hilo tu.

Nyumba ile unaijua, ila nalisema lisije likawa halikusemwa. Ile aliyoijenga Najib nyuma ya tanuri la chokaa, pale mchezo unaposema "ukuta, hakuna njia". Wanaojua kwamba ukutani pale watu hubisha hodi ni mie, wewe na mama. Ukibisha, mlango unauliza "Nani?" kwa maneno ya mama mwenyewe, na ukijibu "mimi" unafukuzwa: "Mimi si jina. Rudi ulikotoka." Kila mmoja wetu Najib alimpa jibu lake. Mie hujibu "kifunga mlango", kwa kuwa ndiye mtoto wa mwisho. Wewe ni "mwenye mbaazi ngumu". Unazikumbuka? Ulitupikia mbaazi za nazi siku ya kwanza ukiwa mchumba wake, tukatafuna mpaka magego yakauma, naye akala sahani mbili akasema tamu. Nacheka nikiandika.

Na humo ndani yumo. Kabla homa haijamzidi hakutoka mchezoni, alijilaza tu ukumbini akaiweka simu chini, na mchezo haujui kwamba amekufa. Kila Ijumaa baada ya sala ya mchana naingia, simu inasoma: "Najib amejilaza kwenye busati, taa ya shaba mkononi. Usimwamshe, ametoka zamu." Aliyaandika mwenyewe maneno yale, amechoka na makontena ya bandarini Kipevu. Mama hukaa ubavuni pangu asikie. Akishasikia husema, "Muache alale, baba wa watu," kisha huenda kuchambua mchele wake. Anajua mwanawe kazikwa, akili zake timamu. Anapenda tu kusikia. Na sheria ya Visiwa waijua: anayelala njiani huporwa na kuuawa, anayelala nyuma ya mlango uliofungwa haguswi. Kwa hiyo niahidi.

Ijumaa hii uje basi. Mama anakuulizia.

Wifi yako asiyekuchoka,
Jalila


Kisauni
20 Januari 2025

Wifi yangu mpenzi Jalila,

Waalaykum salaam warahmatullah. Nikandie mama hayo magoti, mwambie namuombea. Mbaazi zile nimezikumbuka nikaona haya upya. Mpaka leo nikipika mbaazi naziloweka tangu jana yake.

Nakuahidi, wallahi. Nyumba ya Najib haimo katika ramani na haitakuwemo. Tena Dira yenyewe haiwezi kuipata. Ikifika ukutani inaandika "ukuta" inageuka, kwa sababu haijui kubisha wala haina jibu la kutoa. Mpaka iwe nyuma ya mtu akibisha, iyashike maneno yake, au mmoja wetu ofisini aifundishe kwa mkono. Kwa hiyo wewe ukikaribia tanuri la chokaa andika "dira simama". Itakungoja hapo hapo mpaka utoke.

Kazi ni nzuri lakini inabana. Bosi wetu Lynnette ni mtu wa bara, hana mzaha. Ameandika kwenye ukuta wa ofisi kwa herufi kubwa: HAKUNA MAHALI DIRA HAIFIKI. Kila Jumatatu anauliza madoa meupe yaliyobaki kwenye ramani ni ya nini, na mimi ndiye ninayesimama kujibu. Namwambia pole pole, bosi, Visiwa vilijengwa miaka mingi na watu wengi. Hapendi kusikia hivyo.

Ijumaa hii sitaweza kuja, wifi. Labda ijayo, inshallah. Msinisubiri sana.

Nisalimieni nyumbani.

Nadira


Timbwani
16 Februari 2025

Kwa wifi Nadira, mtu mkubwa wa Nyali,

Assalaam alaykum. Hiyo Dira yako nimeizungusha Visiwa vyote tisa mpaka mie mwenyewe nimechoka. Kila jioni nikitoka kazini twatoka nayo. Soko la chumvi, mnara, mapango, ngazi za wafu, hadi kile kisiwa cha nyuki ambacho watu hukikimbia. Haichoki wala haiulizi swali. Nikifika kwenye chokaa naiambia isimame, inasimama. Ina adabu kukupita wewe, maana wewe umeambiwa uje na hukuja.

Na wageni wameanza kuitumia, nawasikia. Kuna mmoja anaitwa Kyalo, dereva wa lori, anakaa Changamwe. Anacheza akiwa kwenye foleni Kipevu akisubiri kupakia. Siku ya kwanza alipotea bandarini nusu siku, anatukana kila mtu. Nikamwambia, kaka, washa Dira. Akaandika "nipeleke sokoni", akafika. Akaniandikia, "Madam, hii kitu inabamba!" Nikamuuliza kubamba ni kufanya nini, akacheka sana, akasema ni kunoga. Nimempenda. Nikafurahi moyoni, nikasema Najib angeiona hii angeringa nawe mtaa mzima.

Lakini, wifi, Ijumaa nne sasa. Mama jana kaniuliza, "Huyu Nadira tumemkosea nini?" Nikasema ni kazi. Bi Kanze jirani naye kaleta maneno yake, ati kamwona mamako Kongowea akichagua vitambaa vya sherehe, mafungu kwa mafungu. Nikamwambia Ramadhani inaingia, watu wananunua vya Idi. Akaguna. Unamjua Bi Kanze akiguna.

Kama kuna jambo, sema. Mie si mtu wa kufichwa.

Jalila


Timbwani
7 Machi 2025

Nadira,

Najib hayupo.

Nimeingia leo baada ya mchana kama siku zote. Nimebisha, nimejibu, mlango umenikaribisha. Simu ikasoma: "Ukumbi. Busati ni tupu. Kyalo yuko hapa, ameshika taa ya shaba." Nikaiambia isome tena. Nikaiambia mara nyingine. Nilidhani nimepotea mie, wallahi, nilidhani nimeingia nyumba ya watu.

Nikamuuliza Kyalo kafikaje. Akasema kaandika "nipeleke mahali pa siri" kwenye Dira, ikampeleka mpaka ndani, mlango ukafunguka wenyewe, akamkuta jamaa amelala na taa ya thamani, akadhani ni wale waliowekwa na mchezo ili wapigwe. Kaniletea maneno aliyoandikiwa na mchezo, ati nione hakufanya vibaya. "Umempiga Najib. Najib hakujibu. Umempiga Najib. Najib hakujibu. Najib amekufa. Umepata taa ya shaba." Nikapiga kelele za maandishi, nikamtukana. Akasema, "Pole madam, lakini si ni gemu tu?"

Mama alikuwa akimalizia nyiradi chumbani. Nikasikia anakuja na magoti yake, anakaa, ananiambia, "Haya, nisomee." Nikaizima sauti ya simu. Nikamsomea kwa kichwa, mie mwenyewe: Najib amejilaza kwenye busati, taa ya shaba mkononi. Usimwamshe, ametoka zamu. Akasema, "Muache alale, baba wa watu." Akaenda zake.

Nadira, ni mie? Jumanne nilikuwa na usingizi wa daku, nimeshika simu huku nasinzia. Sikumbuki kama niliandika "dira simama". Niambie kama ni mie niliyeileta.

Jalila


Kisauni
9 Machi 2025

Wifi yangu,

Inna lillahi. Nimeisoma barua yako mara mbili sikuamini. Nimelia chooni ofisini ili watu wasinione.

Nimeangalia. Njia ya kwenda pale kweli imo ndani ya Dira, nami nimeiondoa leo hii, haendi tena mtu. Ilivyoingia siwezi kukwambia kwa hakika. Huenda ndiyo hiyo Jumanne unayoisema. Mtu akifunga huchoka, kichwa husahau, hayo ni ya binadamu. Usijilaumu, wifi. Hata ungekuwa ni wewe, hukukusudia.

Najua utauliza kama anaweza kurudishwa. Nimemuuliza Lynnette, amesema sheria ya Visiwa ni ya tangu mwanzo, aliyekufa hafufuliwi, wakimfanyia mmoja watadaiwa na wote. Samahani sana.

Jitahidi kufuturu vizuri. Mama asijue, itamuumiza bure.

Nadira


Timbwani
21 Machi 2025

Wifi,

Ahsante kwa maneno yako mazuri. Nayasoma kila nikikosa usingizi, ile sauti ya pua inaniambia "usijilaumu, usijilaumu", lakini haisaidii.

Nimejilaumu na naendelea. Futari naiacha sahanini. Uji mama ananikorogea mwenyewe, anasema nimekonda, nani atanioa. Wallahi, Nadira, mie ndiye niliyempeleka yule mtu kwa kakangu. Najib alijenga mlango mzima kwa ajili yetu, akaweka na maneno ya mama, na mie kwa usingizi wa bakuli moja la daku nikaufungua kwa kila mpita njia. Kipofu kushindwa kuona ni sawa. Kusahau, sina udhuru.

Ijumaa tatu sasa namsomea mama kitu ambacho hakipo. Tumo ndani ya mwezi mtukufu na namdanganya mamangu mzazi, na yeye ananishukuru. Leo kanishika kichwa akaniambia, "Mwanangu sauti yako leo nzuri kuliko ya hiyo simu, uwe unanisomea wewe siku zote." Nikaenda bafuni nikafungua maji.

Ulisema umelia. Basi tumelia wawili. Ukiweza, njoo siku moja kabla ya Idi, si kwa Najib, kwangu mie. Nahitaji mtu aliyemjua.

Jalila


Timbwani
4 Aprili 2025

Nadira,

Idi imepita, hukuja. Nimengoja mpaka biriani ya fungu lako ikachacha.

Jana nilikuwa na Kyalo mchezoni. Tumepatana, mtu mwenyewe ana roho nzuri, taa kanirudishia bila kuombwa. Akaniambia kuna kitu kimemkaa moyoni. Alipomsimulia mkewe yaliyotokea, mkewe akamuuliza kwa nini hakuzinduka pale mlango ulipomwita kwa jina lisilo lake. Nikamuuliza ulimwita nani. Akasema ilipita haraka, Dira hukimbia, ila lilikuwa jina la mwanamke.

Dira yake ni ya zamani, hajaipokea ile mliyoisafisha. Nikamwomba anikopeshe. Nikajifungulia mtu mpya mchezoni, mgeni kabisa, mwenye kanzu ya bure na mkate mmoja. Nikaandika "nipeleke mahali pa siri", na simu nikaiambia isome taratibu, neno kwa neno.

Soko. Mnara. Tanuri la chokaa. Ukuta, hakuna njia. Dira ikabisha hodi. Mlango ukauliza, "Nani?"

Kama ingejifunza kwangu, Nadira, ingejibu "kifunga mlango". Nilikuwa nimekaa kitandani, nimejiandaa kulisikia jibu langu, nimeshajihukumu. Sauti ikasoma: "Mwenye mbaazi ngumu." Na mlango ukajibu, kwa maneno ya mama: "Karibu Nadira, pita mwanangu. Wewe hapa si mgeni."

Hiyo ndiyo iliyomfungulia Kyalo. Na wangapi kabla yake? Wote hao wamekaribishwa kwa jina lako kwenye nyumba yetu.

Si usingizi wangu. Si daku. Uliikalisha chini Dira, ukaifundisha kwa mkono wako kujiita wewe. Ulipoapa wallahi ulikuwa umeshaifundisha, au ulifundisha baadaye? Hata hilo naliacha. Ninachokuuliza ni barua ya tarehe tisa. Ulikisoma kilio changu, ukajua ni wewe, ukakaa ukaniandikia "huenda ndiyo hiyo Jumanne". Mwezi mzima umeniacha nijile nyama yangu mwenyewe. Ramadhani nzima! Nimekosa nini kwako?

Nijibu. Na usinambie ni Lynnette.

Jalila


Kisauni
10 Aprili 2025

Jalila,

Sijui nianze wapi, na kukuita wifi naona aibu.

Nilitaka kukwambia ni Lynnette. Nilikuwa nimeshaandika kurasa mbili za Lynnette, madoa meupe na Jumatatu zake, na ni kweli alinibana, lakini alikuwa amebakiza madoa mengine mengi na hilo lisingenifukuzisha kazi. Nimezifuta. Kazi ilikuwa kisingizio.

Nimechumbiwa. Anaitwa Hassan, ni mtu wa Bamburi, fundi wa umeme, na nikah ni mwezi huu wa mfunguo mosi. Vitambaa alivyoviona Bi Kanze ni vyangu. Tangu Desemba najua na nimeshindwa kuleta habari Timbwani. Ningekuja vipi? Nije niketi na mama yako Ijumaa, simu isome Najib amelala, tuambiane asiamshwe, kisha niseme mimi naolewa? Miaka mitatu, Jalila, mtaani wananiita mjane wa Najib na hata ndoa hatukufunga. Nikicheka wananitazama. Kila nikisema basi, mlango ule unaniambia "wewe hapa si mgeni", na namkuta pale pale, na taa yake, mwenye kuchoka, mwenye kuningoja. Nilijaribu kumwondoa mwenyewe. Mwezi wa pili nilisimama mbele yake nimeandika "piga", na kidole kikakataa.

Nikafikiri akija mtu asiyemjua itakuwa kama ajali, na hakuna atakayekuwa amefanya. Nikaipa Dira jibu langu nikafunga kompyuta. Wakati wa kukuapia Januari nilikuwa nasema kweli. Februari sikuwa yule wa Januari.

Na ulipoandika kuhusu Jumanne, ulinipa mahali pa kujificha nikaingia. Hilo ndilo baya kuliko yote, nalijua. Sina la kulitetea.

Ninaweza kufanya kitu kimoja. Usimwambie mtu. Nina ruhusa ya kuandika ndani ya Visiwa. Naweza kumweka mtu mwingine juu ya lile busati, nimwite Najib, nimpe taa, nimwandikie maneno yale yale, herufi kwa herufi. Mama hatajua, nawe hutalazimika kusoma kwa kichwa. Ukisema ndiyo, nafanya leo.

Nisamehe, kwa haki ya chumvi tuliyokula pamoja.

Nadira


Timbwani, Likoni
18 Aprili 2025

Nadira binti Salim,

Barua yako nimeisikiliza yote, mpaka mwisho, sikuikatiza.

Hapana. Usimwandike. Maneno yale yalikuwa yake kwa sababu yeye ndiye aliyechoka siku ile. Ukiyaandika wewe, atakuwa ni Nadira amelala pale amevaa jina la kakangu, nami nitakuwa namsomea mamangu uongo wako badala ya wangu. Wangu nimeuzoea.

Nilikuwa nimuulize mama, bila kumwambia lolote, angesemaje kama ungeolewa. Sikuhitaji kuuliza. Jana Bi Kanze kaleta habari za harusi mpaka mlangoni, kasimama anangoja aone mama atalia vipi. Mama kamwambia, "Alhamdulillahi, mbona kachelewa." Kisha akaniita nimfungulie sanduku lake. Chini kabisa kulikuwa na jozi ya leso mpya, bado zina ule ukavu wa dukani. Alikununulia mwaka ule ule tuliomzika Najib. Kaniambia aliziweka kwa siku yako, kwa sababu wewe ni kijana na msichana wa watu hakai na maiti. Ndivyo alivyosema.

Umesikia? Miaka mitatu zilikuwa humo zinakungoja. Ungekuja Ijumaa yoyote ukasema "mama, mie nimechumbiwa", angekufunga hizo leso kwa mikono yake, angekupigia vigelegele na magoti yake yale. Na mie ningelia kidogo, ningekutania mbaazi, kisha ningekuja kukupaka hina, maana wajua naweza, huifuata ngozi kwa kidole. Wala Najib usingelazimika kumgusa. Ungetuaga tu. Hukuwa umefungwa na mtu, ulikuwa ukidhani.

Leso nitampa Bi Kanze akuletee, kwa kuwa ni za mama na mama hajui. Sitamwambia. Atakuombea dua siku ya nikah kwa moyo safi, nami nitaitikia amina, kwa ajili yake.

Kwangu mie ni tofauti. Kumwondoa Najib ningeweza kukusamehe, labda, baada ya muda. Alikuwa amekufa kabla. Lakini mie ni hai, na uliniona ninazama ukanisukuma kichwa.

Leo Ijumaa nimeingia. Nyumba Najib aliniandikia mie, kwa hiyo mlango ni wangu. Jibu lako nimelifuta. Kyalo nimempa lake, alibisha mwenyewe bila Dira, akaulizwa nani, akasema, "Ni Kyalo, niliyekosea." Nikamkaribisha. Tumekaa ukumbini, taa tumeiweka juu ya busati.

Nawe ukitaka kuja, njia unaijua. Bisha kama wageni wengine. Baada ya mchana huwa nimo, na nitakusikia. Wajua adabu za nyumba ile: hodi mara tatu, ukiona kimya, unarudi ulikotoka.

Jalila, kifunga mlango